Mgeni Siku ya Tatu Mpe Taji

Mwezi uliopita tulijibanza watu sita kwenye keja ya rafiki yetu Umoja, tukaangalia muvi ya kitambo inayoitwa Farewell to the King. Ilitoka 1989. Nick Nolte ni mwanajeshi Mmarekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Anatoroka jeshi, anaponea chupuchupu kuuawa na Wajapani, anaishia kwenye misitu ya Borneo. Huko anapatikana na Wadayak, watu ambao muvi inawatambulisha kwanza kabisa kama wakata vichwa. Wangemmaliza, lakini ana macho ya buluu. Kwa hivyo wanamfanya mfalme.

Soma hiyo tena polepole. Ana macho ya buluu, kwa hivyo mfalme.

Nilidhani tutacheka. Hatukucheka. Jamaa mmoja aliyekuwa amelala kwenye zulia akainua kichwa akasema, "Hayo ndiyo maisha, buda. Unaacha kila kitu, unaenda kuishi na watu ambao hawajui hata KRA ni nini." Wote wakaitikia. Na mimi nikaitikia. Hilo ndilo limenifanya niandike, kwa sababu mimi nilishawahi kutoroka, nilishawahi kukaa kwa watu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiisimulia hiyo stori yangu vibaya. Nitafika huko.

Kwanza nikuambie kuhusu mtoro wa ukweli.

Anaitwa Herman Perry. Alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa North Carolina aliyekulia pia Washington. Jeshi lilimchukua 1943, likamweka kwenye kikosi cha wahandisi, batalioni ya 849, likampeleka India. Usidanganywe na neno "wahandisi." Jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa limebaguliwa kwa rangi, na ubaguzi huo haukupigwa marufuku rasmi hadi 1948. Mweusi alipewa sululu na koleo. Kazi yao ilikuwa kujenga barabara kutoka Ledo, jimbo la Assam, kupita milima ya Patkai na kuingia Burma, ili Uchina ipate silaha baada ya Wajapani kufunga njia nyingine. Wamarekani kama 15,000 walifanya kazi kwenye barabara hiyo, na takriban asilimia 60 walikuwa Weusi. Kulikuwa na maelfu ya vibarua wa huko pia, ambao hesabu zao za vifo hakuna aliyejisumbua kuziweka vizuri. Malaria, kuhara, ruba, matope, mvua isiyojua kuisha. Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa. Wenyewe walikuwa wakisema barabara hiyo inakula mtu mmoja kila maili.

Winston Churchill mwenyewe hakuwa na imani nayo. Alitabiri kwamba itakuja kukamilika wakati haihitajiki tena, na hakuwa mbali na ukweli. Msafara wa kwanza wa malori ulifika Kunming Februari 1945. Agosti vita vikaisha, na baada ya muda msitu ukaanza kuchukua kilicho chake.

Perry alivunjika kabla ya barabara kwisha. Alikuwa ameshafungwa kwenye jela ya jeshi pale Ledo kwa kukaidi amri, na alijua vizuri kwamba hataki kurudi. Machi 5, 1944, Luteni Harold Cady, ofisa Mzungu, alimkuta barabarani akiwa na bunduki yake na akataka kumkamata. Perry alimwonya asikaribie. Cady akakaribia bila silaha mkononi. Perry akampiga risasi, Cady akafa, naye Perry akaingia msituni.

Milima ya Patkai ni nchi ya Wanaga. Wanaga nao, kama Wadayak, Wazungu waliwaandika vitabuni kwa jambo moja tu: kukata vichwa. Perry alifika kwenye kijiji chao na mikebe ya chakula cha jeshi kama zawadi, wakampokea. Alikaa hapo. Akamwoa binti wa mzee wa kijiji. Binti huyo alikuwa na miaka 14.

Julai mwaka huohuo jeshi lilimpiga risasi na kumkamata. Septemba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kunyongwa. Desemba akatoroka tena jela, na kwa karibu miezi mitatu wakamtafuta kila kona. Wanajeshi wenzake wakambatiza jina: Mfalme wa Msitu. Machi 1945 akakamatwa mara ya mwisho, na tarehe 15 mwezi huo wakamnyonga pale Ledo. Mabaki yake yalirudi kwa familia yake Washington 2007, zaidi ya miaka 60 baadaye. Mwandishi Brendan Koerner alimfuatilia hadi akaandika kitabu kizima juu yake mwaka uliofuata.

Sasa weka hizo stori mbili kando kwa kando. Ya kubuni: Mzungu anatoroka, anapata taji, na Waingereza wenyewe wanakuja kumbembeleza awasaidie kupigana. Ya kweli: Mweusi anatoroka, anapata kitanzi, na "ufalme" wake ni utani wa kambini.

Najua unachotarajia niseme hapa. Kwamba Hollywood ina ubaguzi, watupe muvi ya Perry, tumalize. Hapana. Hiyo ni hoja rahisi na ni kweli, lakini ukiishia hapo utatoa Mzungu kwenye kiti cha ufalme uweke Mweusi, na kiti kibaki palepale. Mimi shida yangu ni kiti.

Sisi tuna methali ambayo hata mtoto wa nasari anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya watu waliowahi kupokea wageni kweli. Inajua chakula kina hesabu. Inajua ukarimu si tabia ya kimaumbile ya watu fulani, kama vile rangi ya macho. Ni kazi, na kazi hugawanywa. Stori ya mtoro mwituni inasema kinyume: mgeni siku ya tatu mpe taji. Wenyeji hawana njaa, hawana siasa, hawana majirani wanaogombana nao, hawana kesho. Walikuwa wamekaa tu wakingoja mtu aliyechoka na kwao aje wampende.

Na ili hiyo stori ifanye kazi lazima wenyeji wawe "mbali." Hilo neno ndilo nina kesi nalo. Mbali na wapi?

Miezi ileile Perry alipokuwa amejificha kwa Wanaga, kuanzia Aprili hadi Juni 1944, vita vya Kohima vilikuwa vinapiganwa. Kohima ni mji wa Wanaga. Ni mojawapo ya vita vikali zaidi vya Asia nzima, mahali ambapo Wajapani walizuiwa kuingia India. Mabomu yalianguka kwenye nyumba na mashamba ya Wanaga. Waingereza waliwatumia kama wapelelezi na wabeba mizigo. Hao si watu waliokuwa mbali na vita. Vita ndivyo vilitoka mbali vikawakuta nyumbani. Mtu pekee aliyekuwa mbali na kwao pale ni Perry.

Sisi Wakenya tunafaa kulijua hili kuliko wengine, maana hatukuwa watazamaji. Wakenya zaidi ya 90,000 waliingia jeshini katika vita hivyo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kule Burma katikati ya mvua za 1944, ikafika mto Chindwin Desemba. Ukienda kula nyama Burma, pale karibu na City Stadium, unakula kwenye jina ambalo wazee husema lililetwa na askari waliorudi. Kabla ya hapo kulikuwa na Kariokor, iliyopata jina kwa wabeba mizigo wa vita vya kwanza. Nairobi imejaa vita vya watu wengine. Tunavinunulia vitunguu ndani yake.

Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China, alikuwa Burma. Kwenye kitabu chake anaeleza jinsi alivyokutana Calcutta na mwanajeshi Mweusi wa Marekani, wakazungumza kuhusu uhuru, na mazungumzo hayo hayakumtoka. Hebu fikiria: dunia ileile, miaka ileile. Mmarekani Mweusi mmoja anamfungua Mkenya macho mjini, mwingine anawindwa milimani.

Halafu Itote akarudi nyumbani na akaingia msituni yeye mwenyewe. Hapa ndipo somo lilipo, kama unataka somo. Tunapenda kuimba majenerali wa msituni. Picha zao tunazichora kwenye mathatu, rasta hadi mabegani. Lakini mtu wa msituni anakula. Nani alikuwa anapeleka chakula? Wanawake, wasichana, usiku, na kapu. Na serikali ya kikoloni ilijua hilo kuliko tunavyolijua sisi, ndiyo maana kuanzia 1954 iliwatoa watu zaidi ya milioni moja kwenye nyumba zao, wengi wao wanawake, watoto na wazee, ikawafungia kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na vijiti vyenye ncha. Waliwabomolea nyumba ili wale wa msituni wafe njaa. Mwenye kujificha ana jina. Aliyemficha ana bili.

Rudi sasa kwa yule msichana wa miaka 14.

Kwenye simulizi zinazosambaa kumhusu Perry, yeye ni "binti wa chifu," basi. Ni kama fanicha. Anaingia kwenye stori ili sisi tujue jamaa alikubalika. Inasemekana alikuwa na mimba wakati mume wake anakamatwa. Alikuwa anataka kuolewa? Baba yake alipata nini, au aliogopa nini, kumpa mgeni mwenye bunduki? Jeshi la Marekani lilipokuja na silaha zake hadi mlangoni, nani alikuwa ndani? Watu wanasoma hii stori wanasema, "Manze, jamaa aliishi." Aliishi wapi? Kwa nani? Nani alikuwa anapika?

Kuna mtu atanijibu: kwa hivyo unamlaumu Perry? Alikuwa akimbilie wapi?

Simlaumu kwa kukimbia. Weka hilo vizuri. Neno "mtoro" tulilitwanga shuleni hadi likawa tusi, lakini pwani lina historia nyingine. Watoro walikuwa watumwa waliokimbia mashamba karne ya 19, wakaenda bara wakajenga vijiji vyao, kama Fuladoyo. Kukimbia kitu kinachokula ni akili. Na vita vya Perry havikuwa vyake; alikuwa anajenga barabara ya nchi ambayo isingemruhusu kukaa kiti cha mbele kwenye basi kwao. Ila pia aliua mtu asiye na silaha, na huyo mtu alikuwa na kwao. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Stori ya ufalme haiwezi kubeba mambo mawili, ndiyo maana inachagua moja na kuliremba.

Sasa mimi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, lakini si yote. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuwa na jina lake. Nilizima simu. Mathe alijua niko hosteli, hosteli walijua niko ushago. Rafiki yangu tuliyesoma naye, Mturkana wa Loiyangalani, alikuwa anaenda nyumbani likizo, nikapanda lori naye. Nilipanga kukaa wiki mbili. Nilikaa miezi minne. Yeye alirudi chuo, mimi nikabaki kwa mama yake.

Niliporudi Nairobi nilikuwa na stori tamu. Niliisimulia kwenye vikao, niliiandika hata mahali fulani nikalipwa. Upepo wa ziwa usiku. Mlima Kulal asubuhi. Samaki wa kuchoma. Watu ambao hawakuniuliza maswali. Niliandika kwamba "walinipokea kama mwana wao." Niliandika kwamba nilijifunza kuishi na kidogo. Watu wakasema wow. Wengine wakaniuliza namba ya lori.

Ona vile nilijivika taji. "Kuishi na kidogo." Kidogo cha nani?

Baada ya ile muvi, usiku huohuo, nilimpigia rafiki yangu. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwa nimewahi kumuuliza: ile miezi minne, mama yako alikuwa anafanyaje? Akanyamaza kidogo. Akasema mbuzi wawili waliuzwa. Si kwa ajili yangu tu, akaongeza haraka, kwa adabu. Kulikuwa na ukame, kulikuwa na mambo mengi. Lakini mmoja, ndiyo, ni unga. Na kwamba dada yake mdogo, aliyekuwa darasa la saba, alikuwa amehamia kulala kwa jirani kwa sababu mimi nilikuwa nimelala mahali pake. Miezi minne. Sikuwahi kujiuliza yule msichana hulala wapi. Nilidhani watu wa huko hulala popote. Naandika hii sentensi na naona aibu, lakini hivyo ndivyo nilivyodhani.

Hawakuniuliza maswali, nilisema. Kumbe waliuliza. Waliulizana wenyewe, kwa Kiturkana, mimi nikiwa nimekaa pale nikifurahia sauti ya lugha.

Kwa hivyo nikisikia jamaa kwenye zulia Umoja anasema anataka kuacha kila kitu akaishi na watu ambao hawajui KRA, najua anachotaka. Naye amechoka. Sote tumechoka, hii miji imetengenezwa ituchoshe. Lakini watu anaowaota hawapo. Watu wa Loiyangalani wanaijua serikali vizuri sana, wanajua hasa ni siku gani haikuja. Kule kaskazini mtu akisafiri kuja Nairobi husema anaenda Kenya. Hilo si neno la mtu asiyejua mambo. Ni hukumu.

Wanaga pia walimalizana na hiyo ndoto ya kuwa mandhari ya mtu. Agosti 14, 1947, siku moja kabla ya India, walijitangazia uhuru wao. Hawakupewa. Tangu 1958 kuna sheria inayowapa wanajeshi wa India mamlaka maalumu kwenye maeneo yao, na Desemba 2021, wilaya ya Mon, wanajeshi waliwapiga risasi wachimba makaa ya mawe waliokuwa kwenye gari wakirudi nyumbani kutoka kazini, wakidai waliwadhania waasi. Ni eneo la milima hiyohiyo ya kaskazini mashariki. Perry alikaa miezi, akawa hadithi. Wao wako hapo bado, na wakiuawa wanapata habari ya siku mbili.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Wewe unayeandika, unayeshuti, unayerudi kutoka Samburu na shuka begani na video ya dakika tatu: anzia jikoni. Kabla hujatuambia ulivyojisikia, tuambie maji yalitoka wapi. Nani alihama kitanda. Mlichokula kiligharimu nini, na nani alilipa. Jina la msichana. Ukishindwa kujibu hayo, hukuishi na watu. Ulijificha nyuma yao.

Na ukiwa mtoro wa kweli, ukiwa unakimbia kitu kitakachokuua, kimbia. Gonga mlango. Ila siku ya tatu ulizia jembe.

Rafiki yangu alinipa namba ya dada yake. Sasa yuko kidato cha nne. Nilimpigia Jumapili, nikajitambulisha, nikaomba msamaha kwa maneno marefu ya mtu anayeandika kwa kulipwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Nikamuuliza ananikumbuka vipi.

"Ulikuwa unaoga kila siku," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Hayo maji nilikuwa nabeba mimi."